UKICHELEWA KULIPA DENI

Maelezo haya ni kwa wakazi wa kambi walio na deni ambalo siku yake imepita, au inakaribia na fedha hazijapatikana. Tumeyaandika tukiwafikiria zaidi wenzetu wa visiwani na wa pwani ya Kismayo, watu wa Koyama, Chovai, Chula na majirani zao, kwa sababu wengi wao wana madeni ya namna mbili kwa wakati mmoja. Kuna deni la bahari, ambalo mtu alikuja nalo au ambalo ndugu zake wanaendelea kulilipa kule. Halafu kuna deni la hapa kambini, la dukani na la simu. Asiye mvuvi naye asome, maana mambo ni yale yale.

Katika madeni yanayoishia kwa ugomvi, mara nyingi mdaiwa hakukataa kulipa. Alinyamaza. Alibadilisha njia ya kupita ili asionekane dukani, simu akaacha kuipokea, mtoto akatumwa mlangoni kusema baba hayupo. Mwenye kudai akiyaona hayo, hafikirii tena kwamba umekwama. Hufikiri umemkimbia. Hapo ndipo dhamana inaposhikwa, kadi ya chakula inapotakiwa, na mdhamini anapofuatwa nyumbani kwake. Kwa hivyo yote yatakayofuata hapa yanatoka katika neno moja: nenda wewe kwa mwenye deni kabla hajakujia, na uende na hesabu mkononi.

Deni lililokopwa kaskazi

Mtu wa Koyama hahitaji kufundishwa habari za pepo. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi, bahari inakwendeka, kamba mawe na samaki wanapatikana, na wanunuzi wa Kismayo wako tayari na barafu yao. Kuanzia Mei kusi inashika, na katika Juni, Julai na Agosti mashua nyingi hupandishwa pwani. Hilo analijua mvuvi, analijua na tajiri anayemkopesha. Hata hivyo mikopo mingi hupangwa kana kwamba mwaka mzima ni kaskazi.

Tuchukue mfano. Mvuvi amekopa dola 600 mwezi wa Januari ili anunue nyavu na kutengeneza mashine ya mashua. Wamekubaliana alipe dola 100 kila mwezi kwa miezi sita, yaani Februari hadi Julai. Februari analipa, Machi analipa, Aprili analipa kwa shida. Mei upepo unageuka. Sasa amebakiwa na dola 300, na miezi mitatu ya mwisho ya deni lake ndiyo miezi ambayo hawezi kutoka nje ya miamba. Mtu huyu si mvivu wala si mdanganyifu. Deni lake lilipangwa vibaya tangu siku ya kwanza, na wote wawili walikuwapo lilipopangwa.

Afanye nini? Aende kwa tajiri mwezi wa Aprili, mara tu anapoona hali, asingoje Julai. Na asende kusema "nivumilie" tu, kwa maana neno hilo halina mwisho. Aende na mpango huu: tangu Mei hadi Septemba atatoa dola 20 kila mwezi, anazozipata kwa mshipi na kwa kuvua ndani ya miamba. Miezi mitano, hiyo ni dola 100. Zitabaki 200. Oktoba bahari ikilala atatoa 100, na Novemba 100 za mwisho. Deni lililokuwa liishe Julai litaisha Novemba, limechelewa miezi minne, na tajiri hakupoteza hata dola moja. Mpango wa namna hii mara nyingi hukubaliwa, kwa sababu tajiri naye anajua kwamba nyavu akizichukua Juni hana wa kuzitumia.

Mazungumzo yenyewe yanaweza kuwa hivi. Kijana anakwenda baada ya sala ya alasiri, pamoja na mzee mmoja wa kusikiliza:

"Ami, nimekuja kwa habari ya deni langu. Limebaki dola 300, nadhani na wewe ndivyo ulivyoandika."

"Ndivyo. Na Mei ni dola mia."

"Mei sitaipata mia, Ami. Kusi imeshaanza, na wewe unaijua. Nitaweza ishirini kila mwezi hadi Septemba, na mia mbili zilizobaki nitazimaliza Oktoba na Novemba. Hii hapa ishirini ya kwanza."

Angalieni mambo mawili. Ametaja yeye mwenyewe kiasi kilichobaki, na amekuja na kitu mkononi. Dola 20 si nyingi, lakini zinamfanya tajiri aanze kuhesabu badala ya kuanza kulaumu. Mkishapatana, mpango uandikwe upya mbele ya mzee yule, na kila mmoja abaki na nakala yake.

Deni linalolipwa kwa samaki

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wa visiwani wanapoumia bila kujua. Matajiri wengi hawataki fedha. Wanataka umuuzie yeye peke yake samaki wako, kamba wako na jongoo wako wa bahari, kwa bei anayoipanga yeye, mpaka deni liishe. Mara nyingine fedha za samaki hupunguza deni, mara nyingine hazipunguzi hata kidogo: unauza kwake kwa sababu una deni, na deni liko pale pale.

Tuseme sokoni Kismayo kilo moja ni dola 3, na tajiri wako anakuhesabia dola 2. Ukimpelekea kilo 30 kwa wiki, unapoteza dola 30 kila wiki. Kwa wiki 12 umepoteza dola 360. Mtu aliyebakiwa na deni la dola 300 ameshalipa zaidi ya deni lake lote kupitia tofauti ya bei, na daftari bado linasema 300. Fedha hizo hazikuitwa riba na pengine hakuna aliyekusudia ziwe riba, lakini zimetoka mfukoni mwake.

Kwa hivyo ukichelewa kulipa deni la namna hii, usianze kwa kuomba muda. Uliza kwanza: kilo moja inahesabiwa kwa kiasi gani, na katika kila kilo kiasi gani kinaingia katika deni? Kama jibu ni kwamba hakuna kinachoingia, omba kiasi kiwekwe, hata kama ni kidogo. Au omba deni ligeuzwe kuwa la fedha, lenye tarehe ya mwisho, ili uwe huru kuuza unapotaka. Tajiri anaweza kukataa. Basi mchukue mzee au shekhe mwende pamoja. Ni vigumu kwa mtu kuendelea kutetea hesabu ya namna hiyo mbele ya watu.

Kuna jambo jingine la chombo. Deni la nyavu na mashine ni la nani? Mapato ya safari, yakishatolewa gharama za mafuta, barafu na chakula, hugawanywa mafungu: la chombo na vifaa, na la kila baharia. Deni la chombo lina haki ya kutoka katika fungu la chombo. Baharia ambaye hakukopa na hakudhamini hana wajibu wa kukatwa fungu lake ili mashine ya nahodha ilipwe. Tumesikia vijana wakisema "sisi sote tuna deni" hali yeye mwenyewe hakutia saini wala kushuhudia chochote. Aulize.

Kusi ya kambini

Kambini hakuna kaskazi wala kusi, lakini kuna msimu wake: siku ya chakula. Mgao ukichelewa au ukipunguzwa, duka ndilo linaloshika nafasi yake. Mtu anachukua unga, mafuta na sukari kwa daftari, akitegemea kulipa mgao ukifika. Mgao unafika ukiwa pungufu, unalipa nusu, unaanza kukopa tena kabla ya wiki mbili. Hakuna aliyefanya kosa kubwa hapa. Hata hivyo deni hilo hukua kimya kimya, na hatari yake ni dhamana inayowekwa.

Tangu Bamba Chakula ilipoanza Kakuma mwaka 2015 na Dadaab mwaka 2016, ambapo sehemu ya chakula ilikuja kwa njia ya simu, baadhi ya wakazi walianza kuwaachia wenye maduka laini zao pamoja na namba ya siri. Wengine huacha kadi ya chakula yenyewe, kama ilivyokuwa ikifanyika kabla ya hapo. Tunaeleza wazi: usifanye hivyo, hata kama unamwamini mwenye duka, hata kama ni jamaa yako. Ukishaacha kadi au laini hujui tena kiasi gani kimeingia. Hujui kiasi gani kimetolewa. Huwezi kununua kwingine palipo na bei nafuu. Na jirani akikuonyesha duka linalouza unga kwa bei ya chini, unabaki kuangalia. Mwenye duka anakuwa mkubwa wa chakula cha watoto wako, na hakuna mpango wowote wa kulipa unaoweza kuupanga, maana hukushika kitu.

Kama umeshaiacha, irudishe. Nenda kwa mwenye duka na useme unakubali deni lote, lakini kadi itakaa nyumbani, na kila siku ya mgao utakuja mwenyewe kulipa kiasi mlichopatana. Nenda na kiongozi wa bloku. Akikataa, nenda ofisi ya huduma za jamii au kwenye dawati la malalamiko. Kadi ya chakula imetolewa kwa jina la familia, haiuzwi wala haiwekwi rehani, na mwenye duka anayeishika anajua kwamba anaweza kuulizwa. Deni lako halifutiki kwa kulalamika, na usiende huko ukitumaini lifutwe. Unakwenda ili ulipe kwa njia ambayo watoto watakula.

Kiasi gani kinafaa kuahidiwa? Ahidi kile utakachoweza katika mwezi mbaya, siyo katika mwezi mzuri. Anayeahidi 500 na kuzileta kila mara huaminiwa kuliko aliyeahidi 2,000 akaleta mara moja. Na msirudie makosa ya kukopa duka la pili ili kulipa la kwanza. Deni linakuwa limehama tu, na sasa maduka mawili yanakujua.

Andika madeni yako yote

Kabla ya kwenda kwa yeyote, kaa na mwenzako nyumbani na mwandike madeni yote katika karatasi moja. Kwa nani, kiasi gani kilichukuliwa, kiasi gani kimelipwa, siku gani ya kumaliza, nani mdhamini, kitu gani kimewekwa dhamana. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule. Mara nyingi mume ana madeni ambayo mke hayajui, na mke naye ana deni la upatu ambalo mume hakuambiwa. Likijulikana leo kwa amani ni afadhali kuliko kujulikana mdai akiwa mlangoni.

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyo katika Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Wengi wetu tunaona haya kumwandikia jamaa, tunasema "tunaaminiana". Anayeandika hakuonyesha kwamba hamwamini mwenziwe, ametekeleza alichoamrishwa. Na mstari mmoja kidogo kabla ya hapo, sura hiyo hiyo inamwelekeza mwenye kudai ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa, na inaeleza kwamba kusamehe ni bora zaidi. Aya hiyo hutajwa sana na wadaiwa. Tunaomba ikumbukwe kwamba inamhusu aliye katika dhiki ya kweli. Aliye na uwezo akachelewesha kwa makusudi hana hoja ndani yake.

Ukishaandika, omba kuona daftari la mwenye duka na mlinganishe. Tofauti ikiwapo, izungumzieni hapo hapo. Aliyelipa kwa simu, iwe M-Pesa au EVC Plus, asifute ujumbe wa malipo. Ujumbe huo ndio risiti yako. Aliyelipa kwa mkono aombe maandishi, au alipe mbele ya shahidi.

Lipi lilipwe kwanza? Watu wengi humlipa anayepiga kelele zaidi. Huo si mpango. Kwanza chakula cha nyumba na dawa, hayo hayaguswi. Baada ya hapo angalia deni ambalo likichelewa litamwumiza mtu mwingine, yaani lenye mdhamini au la kikundi. Kisha deni linaloongezeka kila siku, ambalo kwa kawaida ni la simu. Deni la jamaa ambalo haliongezeki na halina dhamana linaweza kungoja, ila mwenyewe aambiwe kwamba linangoja na kwa nini. Kila mdai apate kitu kidogo ikiwezekana, kuliko mmoja kumalizwa na wengine kuona wametupwa.

Mkopo wa mauziano

Taasisi nyingi zinazokopesha Wasomali na watu wa pwani hutumia murabaha. Taasisi hununua kitu, tuseme mashine au cherehani, halafu inakuuzia kwa bei ya juu kidogo na wewe unalipa kwa awamu. Faida yao iko ndani ya bei mliyokubaliana. Kwa kuwa ni mauziano, bei hiyo haipaswi kuongezeka kwa sababu umechelewa. Baadhi ya mikataba huweka kwamba mchelewaji atatoa kiasi fulani ambacho kitapelekwa sadaka, siyo kuingia katika faida ya taasisi. Kwa hivyo ukiambiwa deni lako limekua, omba uonyeshwe katika mkataba ni kifungu gani, na fedha hizo zinakwenda wapi. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Maofisa wa taasisi hizi wana ruhusa ya kupanga upya awamu, na wengi wao hawaisemi mpaka uulize. Nenda kabla ya awamu ya pili kupita. Aliyekosa awamu moja na akafika ofisini anaonekana mtu mwenye shida. Aliyekosa nne bila kuonekana jina lake limeshaandikwa mahali pengine.

Kikundi na upatu

Katika mkopo wa kikundi, ukikosa kulipa wenzako ndio wanaotakiwa. Ndiyo maana maneno huwa makali kuliko ya taasisi. Mwambie mwenyekiti wa kikundi wiki moja kabla ya siku, siyo siku yenyewe kikao kikiwa kimekaa. Kikundi kinaweza kukulipia mara moja na wewe ukawarudishia, lakini liandikwe kama deni jipya lako kwa kikundi, lenye tarehe.

Upatu, ambao Wasomali huuita ayuuto au hagbad, una ugumu wake. Aliyepokea mapema halafu akaacha kuchanga amechukua fedha za wenziwe. Ikiwa umepokea na sasa umekwama, omba kuchanga nusu kwa miezi miwili na ufidie mwishoni. Ikiwa bado hujapokea, ni rahisi zaidi: omba zamu yako isogezwe nyuma, au mwenye nafasi achukue zamu yako. Kina mama wanaoendesha upatu wanayajua haya yote. Wanachokasirikia ni mtu kutoonekana.

Deni la simu

Kwa wale walio Kenya: mikopo ya simu huja haraka na huongezeka haraka. Huduma kama Fuliza hutoza ada kwa kila siku ambayo deni halijalipwa, kwa hivyo hapo kungoja kuna gharama. Ukipata shilingi yoyote, deni hilo lipunguze. Fahamu pia kwamba fedha zikiingia kwenye laini yenye deni la Fuliza hukatwa zenyewe. Ndugu akikutumia fedha za matibabu, mwambie azitume kwa njia nyingine au kwa mtu mwingine unayemwamini.

Wakazi wengi hutumia laini iliyoandikishwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Ukikopa kwa laini hiyo, kwa sheria deni ni la mwenye kitambulisho, na jina lake ndilo litakaloharibika. Ukichelewa, mjulishe. Ni haki yake kujua.

Kuhusu vitisho, Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa simu mwaka 2022. Zinakataza kumtisha mdaiwa, kumtukana, na kuwapigia simu watu walio katika orodha ya simu yake ili kumwaibisha. Mkopeshaji akifanya hivyo, hifadhi ujumbe na namba, na uende nazo ofisini. Tangu 2020 pia, deni lililo chini ya shilingi 1,000 halipelekwi katika orodha ya wadaiwa wabaya. Anayekutisha kwa orodha hiyo kwa sababu ya shilingi 400 anakudanganya.

Ukitishwa au ukiambiwa utafungwa

Polisi hawana kazi ya kukusanya madeni. Kushindwa kulipa kwa sababu huna ni shauri la madai, siyo wizi, na hushughulikiwa na wazee au na mahakama. Mdai ana haki ya kukushtaki huko, na ukiitwa nenda, upeleke karatasi yako ya hesabu na risiti. Asiyekwenda huhukumiwa kwa maneno ya upande mmoja.

Lakini mtu akichukua vyombo vyako kwa nguvu, akimpiga mtu wa nyumba yako, au akidai binti aolewe ili deni lisamehewe, hilo limeshatoka katika habari za deni. Usilimalize kwa wazee peke yao. Nenda ofisi ya ulinzi siku hiyo hiyo, na mwanamke anaweza kwenda peke yake na kuomba kusikilizwa na mwanamke mwenziwe. Tumeliandika hili kwa sababu wako wanaofikiri kwamba mwenye deni hana haki ya kulalamika. Anayo.

Aliyezidiwa na madeni kabisa asione haya kwenda msikitini. Wenye madeni ni mojawapo ya makundi manane yanayostahili zaka, na limetajwa kwa jina. Imamu akiona karatasi yenye hesabu, mashahidi na kiasi kilichokwishalipwa, ni rahisi kwake kusema na wenye uwezo.

Kuhama na kufariki

Kambi hufungwa na watu huhamishwa. Kambi ya Jomvu huko Mombasa, walikokaa Wabajuni wengi waliokimbia vita vya mwaka 1991 na 1992, ilifungwa mwaka 1997, na wengi wakarudi visiwani. Ukijua unaondoka, nenda kwa wadai wako kabla ya siku ya safari. Lipa unachoweza, andika kilichobaki, taja utakavyokituma na kwa namba ipi. Na mdhamini wako ajue, maana yeye ndiye anayebaki.

Mtu akifariki, na wavuvi hufariki baharini, deni lake hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha kabla ya warithi kugawana. Mjane na watoto hawarithi deni. Kama marehemu hakuacha kitu, hawalazimiki kulipa kwa chakula chao, ijapokuwa jamaa wakilipa kwa hiari ni jambo jema. Mdai akifika matangani na kusema anadai, aambiwe kwa upole alete maandishi au mashahidi wake kwa wazee baada ya siku za msiba. Mjane asitie kidole wala saini kwenye karatasi yoyote katika siku hizo, na asikabidhi kadi ya chakula, simu ya marehemu wala vifaa vya chombo mpaka wazee wamekaa na hesabu imesomwa mbele yake.